Vijiti Vitatu kwa Siku

Hasira ya Sista Nakijwa ilianza Jumatatu, na leo ni Alhamisi, bado mbichi. Kioo cha kompyuta pale ofisini kilikuwa kinamwuliza swali moja kwa wiki ya tatu mfululizo. Mwanamke mzima, mkunga kwa miaka ishirini na sita, aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji cha Kwa-Mbike kwa mikono yake miwili, anaulizwa "kwa nini" na kioo cha ukutani! Na kila akiandika "sijui", kioo kinamrudishia maneno yale yale: Jibu halijakamilika.

"Sijui ni jibu," alikifokea. "Kwetu Upareni, sijui ni jibu kamili kabisa."

Jibu halijakamilika. Mwisho wa kuwasilisha ni leo, saa kumi jioni.

"Nenda zako huko."

Swali lenyewe halikuwa gumu kulielewa, lilikuwa gumu kulijibu. Mwaka uliopita wajawazito arobaini na mmoja waliandikishwa kituoni kwake. Mimba ishirini na mbili zilitoka. Kumi na tisa zilikaa mpaka mwisho, watoto wakazaliwa wanalia vizuri. Usione kumi na tisa ni wachache. Siku hizi vituo vingine wakipata wanane katika arobaini wanachinja mbuzi. Ndiyo maana Mamlaka ya Ngome kule makao makuu ilitaka kujua: hawa kumi na tisa wa Kwa-Mbike, kwa nini?

Nakijwa alikuwa ameyapanga majina kwa umri, hayakujipanga. Akayapanga kwa uzito, kwa waume, kwa nani anakaa bondeni na nani anakaa juu, wapi! Vidonge vya kushika mimba walimeza vya kopo moja. Sindano walichomwa na mkono mmoja, wake mwenyewe. Na katikati ya orodha ya wale waliopoteza lilikuwepo jina moja ambalo macho yake yalikuwa yanaliruka kila yakifika hapo: Nanzia, binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu pale shuleni chini ya kituo. Nanzia alikuwa na mimba nyingine sasa, ya nne, wiki ya tisa. Zile tatu hakuna hata moja iliyofika wiki ya kumi na moja. Na leo saa tisa alikuwa anakuja kupimwa, na mama yake hakuwa na neno jipya la kumwambia.

* * *

Saa nne akaingia Mama Mbonea, mkulima wa tangawizi wa mteremko wa pili, mimba ya sita. Sita, jamani! Zote tano za mwanzo zimezaliwa, zimekua, zinavunja vioo vya watu kwa mpira.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Panda kitandani. Kichwa kinauma? Miguu inavimba? Udongo huli. Vidonge unameza?"

"Namezaaa," Mama Mbonea alijibu kwa kuvuta, kama mwanafunzi.

Alipoinua mguu kupanda, fundo la khanga yake likafunguka. Vitu vitatu vikaanguka sakafuni, kimoja kikavunjika vipande, na harufu ya mvua ya kwanza ikajaa chumba. Pemba. Vijiti vya udongo wa kula, vya rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, virefu kama kidole.

"Lo! Mama Mbonea! Mtu mzima na akili zako!"

"Sista, hivyo ni vya jirani."

"Vya jirani vinafanya nini kwenye fundo lako? Nimesema mara ngapi? Udongo unakamata madini ya chuma tumboni, damu inakuishia, siku ya kujifungua unanifia mezani. Nani atawalea hao wacheza mpira wako?"

Aliviokota kwa pupa akavitupa kwenye droo ya tatu. Droo ile ilikuwa imejaa pemba alizowanyang'anya wanawake kwa miaka, ukiivuta inakwaruza. Wauzaji wa sokoni walishafukuzwa zamani na Mamlaka, nchi nzima, lakini shimo la udongo lilikuwa nyuma ya shamba la Mama Mbonea mwenyewe, na shimo halifukuzwi.

Akachukua tone la damu kidoleni pa Mama Mbonea, akaliweka kwenye kipimo. Kipimo kile watu walikiita cha kelele, maana kinahesabu jinsi Ngome, ile kinga ya kunywa, inavyopiga kelele ndani ya damu. Mtu mzima yeyote aliyekunywa kikombe chake darasa la kwanza ana kelele sitini, sitini na tano. Mjamzito akimeza vidonge vizuri, hamsini na kitu.

Ya Mama Mbonea ilikuwa tisa.

"Hii mashine nayo," Nakijwa alisema, akaipiga kofi. Akapima tena. Tisa. Ndiyo kawaida ya mashine ile: miaka nenda rudi ilikuwa inamtolea tisa, kumi na moja, nane, na yeye kila mara anaandika "kipimo kibovu" na kuomba kingine, na kingine hakiji. Safari hii kero ilikuwa imemfika kooni. Akajitoboa kidole chake mwenyewe, akaweka damu yake.

Sitini na mbili. Kipimo kilikuwa kizima.

Alikaa kwenye kiti. Akamtazama Mama Mbonea, akatazama unga mweupe sakafuni.

"Mama Mbonea. Huu udongo umeanza kula lini?"

"Mimi sili, Sista."

"Mama Mbonea."

"Mimba ya kwanza," alisema yule mama, sasa macho yako kwenye dari. "Vijiti vitatu kwa siku. Asubuhi, mchana, na kimoja nikisikia harufu ya ukuta umenyeshewa."

"Na miaka yote hii nakuuliza, unaniambia huli!"

Mama Mbonea akainuka na kukaa, mkono kwenye tumbo, na hasira yake nayo ikatoka. "Unaniuliza? Sista, wewe hujawahi kuniuliza. Unasema 'udongo huli', unaweka alama, unaendelea na vidonge. Siku gani uliuliza ukangoja jibu?"

Ukutani nyuma yake lilikuwepo bango ambalo Nakijwa alilibandika mwenyewe alipoajiriwa, herufi kubwa nyekundu: MFICHA UCHI HAZAI. Mama Mbonea aliligeukia akacheka bila furaha.

"Hilo nalo libandue. Hapa kijijini mficha ndiye anayezaa. Waulize wenzangu."

* * *

Akawauliza. Alifunga mlango akawapigia simu mmoja mmoja, na mara hii aliuliza akangoja. Wale kumi na tisa waliapa hawali, kisha wakanyamaza, kisha wakasema. Viwili kwa siku. Vinne. "Nakunja kwenye karatasi ya peremende, Sista, usinikasirikie." Kumi na tisa wote, hakuna hata mmoja asiyekula. Na wale ishirini na wawili waliopoteza? Hao aliona aibu kuwapigia. Akawapigia. Walikuwa wale wasikivu. Wanawake waliokuwa wanamwamini, wanaosema "ndiyo Sista" na kweli wanafanya walivyoambiwa.

Sasa kila kitu kilimjia kwa mpango, na mtu wa kazi ile hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kinga kubwa ya mwili iko tumboni, kwenye kuta za utumbo, kwa sababu huko ndiko wageni wengi wanakopitia, na chakula na uchafu. Ngome ni vijidudu vilivyofundishwa maabara. Unavinywa utotoni, vinakaa kwenye utumbo mpana maisha yako yote, vinaonja kila kinachopita, na vikiona mgeni vinamwaga kemikali inayopenya ukuta wa utumbo mpaka kwenye damu kuziamsha chembe nyeupe: kamata, ua. Ndiyo iliyoimaliza Homa ya Kimya iliyojaza makaburi. Ndiyo iliyofanya kipindupindu na kifua kikuu visomwe vyuoni kama habari za Wajerumani.

Lakini mtoto tumboni naye ni mgeni. Nusu yake ni ya baba. Zamani mwili wa mama ulikuwa na adabu ya kumpokea. Zilikuwepo chembe za kutuliza, zikisimama kwenye kondo la nyuma na kuwaambia wenzao, huyu wa kwetu, mwacheni. Ngome haikufundishwa adabu hiyo. Kelele zake zinazizidi chembe zile sauti. Vidonge vya Msamaha vilitengenezwa viipe Ngome alama za baba ili imzoee mtoto, na inazoea ikitaka.

Na udongo? Udongo ulikuwa unakamata ile kemikali kabla haijapenya ukuta. Kama unavyokamata madini ya chuma. Kazi ile ile aliyokuwa anaihubiri kila siku, na hakuna siku aliyojiuliza kama unakamata kitu kingine. Nakijwa alijipiga paja. Miaka ishirini na sita!

* * *

Saa nane kioo kikawaka, sura ya Mratibu Lyatuu ikatokea. Huyu ndiye aliyekuwa juu yake kule Mamlaka, mtu mzima mwenye mvi, mstaarabu, na ustaarabu wake ndio uliokuwa unamkera Nakijwa zaidi.

"Sista, habari za huko? Bado nasubiri jibu lako."

"Nzuri. Mratibu, nikuulize kwanza. Tuseme tumekuta kuna chakula kinaituliza Ngome. Mtafanyaje?"

"Tutaziba."

"Hivyo tu?"

"Tutatuma Ngome mpya. Wiki mbili, kila mtu amekunywa, pengo limezibwa. Kama tulivyofanya kwa togwa iliyochacha mwaka juzi."

Nakijwa aliikumbuka ile togwa. Aliukumbuka na mwezi uliofuata, mimba nane zilizotoka ndani ya siku thelathini, na jinsi alivyowagombeza wanawake wale kwamba hawamezi vidonge vizuri. Mmoja wa wale wanane alikuwa Nanzia. Ilikuwa ile ya pili.

"Na kama hicho chakula ndicho kinachoshika mimba?"

Lyatuu akavua miwani. "Sista, nisikilize. Mwaka jana kituo chako kilikuwa na mgonjwa wa homa ya matumbo. Homa ya matumbo, karne hii! Siku sita tunatafuta dawa yake, imekuja kupatikana kwenye ghala la mifugo. Mama mmoja mwenye pengo nusura afe. Sasa fikiria elfu hamsini wenye mapengo, halafu Homa ya Kimya irudi. Mimi nilizika watu kumi na mmoja mwezi mmoja. Wa mwisho nilimzika kwa mikono, majembe yalikuwa yanatumika kwingine." Akaivaa tena miwani. "Watoto watapatikana. Tunatengeneza vidonge bora."

"Mnavitengeneza tangu nikiwa na nywele nyeusi."

"Pengo ni pengo, Sista. Ukilijua, sema. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Kioo kikazima. Nakijwa alibaki anakitazama kwa chuki, na chuki yenyewe haikuwa na pa kukaa, kwa sababu mzee yule hakusema uongo. Yule mgonjwa wa homa ya matumbo alikuwa Mama Mbonea. Alimshika kichwa siku sita, akimwona anakauka midomo, na hakujua pengo limetoka wapi. Sasa anajua. Udongo haujui kuchagua. Unamnyamazishia mtoto kelele, na kipindupindu nacho unakinyamazishia. Akisema, Mamlaka wataziba, na watoto wa Kwa-Mbike watakuwa wanane katika arobaini kama kwingine. Asiposema, wanawake wake watatembea milango wazi na hakuna atakayejua mpaka ugonjwa ubishe hodi. Kila upande kuna maiti. Alitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu.

* * *

Nanzia aliingia saa tisa kamili, chaki bado mikononi. Hakukaa.

"Shikamoo, Mama. Pima tuondoke. Nina kipindi."

"Marahaba. Kaa."

"Nikikaa utaniuliza najisikiaje, na mimi sitaki kuulizwa najisikiaje. Pima."

Akampima. Sitini na moja. Namba ilikuwa juu hata ya zile tatu za mwanzo, na Nanzia alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji mtu amsomee. Aliitazama, akashusha mkono wa gauni.

"Basi ni wiki moja nyingine," alisema. "Au mbili. Safari hii sitamwambia Elisante mpaka iishe. Mara ya mwisho alikuwa ameshaanza kuchonga kitanda."

"Nanzia, keti. Nina jambo."

Akamweleza. Alianzia kwenye kipimo akamalizia kwa Lyatuu, hakuficha homa ya matumbo, hakuficha siku sita, na aliongea haraka haraka kwa sababu alijua mahali maneno yanakoelekea na hakutaka kufika. Nanzia alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, unakumbuka mimba ya kwanza?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa natamani udongo mpaka nalia. Nilikuwa nalamba ukuta wa jikoni, Mama, naweka ulimi ukutani kama mbuzi. Mama Mbonea akanipa vijiti vitano. Ukanikagua mkoba."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ukavitoa kimoja kimoja mbele ya wanawake wote pale kwenye foleni. Ukasema, 'Mtoto wa mkunga hawezi kula uchafu.' Nikaona aibu. Nikaacha. Na ya pili nikaacha, na ya tatu hata sikutamani tena, mwili ulishajua." Sauti ilimpanda. "Wote walikudanganya! Kijiji kizima! Mimi peke yangu ndiye mjinga niliyekusikiliza!"

Nakijwa angeweza kusema kwamba vitabu vilisema, kwamba damu kweli huisha, kwamba hakuna aliyejua. Yote yalikuwa kweli. 

Akaivuta droo ya tatu, ikakwaruza. Akachagua kijiti kizima, akakipitisha kwenye moto wa kiberiti pande zote, akakiweka mezani kati yao.

"Siahidi kitu," alisema. "Huenda umechelewa. Na ukila, maji utakunywa ya kuchemsha tu, tunda utamenya, sokoni huendi, na joto likipanda hata kidogo unakuja hapa unakimbia. Dawa za homa ya matumbo na kipindupindu nitaziagiza leo, nitaandika ni za kufundishia wanafunzi. Na madini ya chuma nitakuchoma sindano, hayo hayapiti tumboni. Lakini Nanzia, unaweza kufa. Nakwambia kama mkunga. Kama mama yako sijui nikuambie nini."

Nanzia alikitazama kile kijiti kwa muda. Kisha akakichukua, akakinusa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akauma. Sauti ya udongo kwenye meno yake ilijaa chumba, na Nakijwa akajikuta anahesabu kila mtafuno.

Kioo kikawaka chenyewe. Fomu ya Nanzia ilikuwa tayari imefunguka: Je, mama anakula udongo?

Nakijwa alimgeukia binti yake, akamwuliza kama fomu inavyotaka, polepole. "Mama, unakula udongo?" Na akangoja.

"Nakula," Nanzia akasema, mdomo umejaa.

Akaandika HAPANA. Safari zote zile alikuwa anakosea, na hii ya leo ndiyo aliyodanganya. Chini yake lile swali la wiki tatu bado lilikuwa linapepesa: Kwa nini? Akaandika: Sijui. Kioo kikamwambia jibu halijakamilika na kwamba jina lake limepelekwa kwa Mratibu. Akakizima kwa kukichomoa ukutani.

Kisha akatoa daftari jipya la shule, lile la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kama Mamlaka haitajua, basi ni lazima mtu mmoja ajue, na ajue kweli tupu: nani anakula, vijiti vingapi, joto limepanda lini, nani amelazwa, nani amekufa. Siku Homa ikirudi, atalipeleka daftari hili kwa Lyatuu kwa mikono yake mwenyewe, wamfanye watakavyo. Alijua kwamba siku hiyo huenda akawa amechelewa. Alijua na hakupata njia nyingine, na hilo ndilo lililomchoma.

Akaandika jina la kwanza: Nanzia. Wiki ya tisa. Kelele sitini na moja. Kijiti kimoja, saa tisa na nusu.

Akasita. Halafu juu yake, kwenye nafasi iliyobaki, akaandika: Mimba tatu zilizotangulia. Hakula. Alikatazwa na mama yake.

Nanzia alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, anasoma. Hakusema "si kitu, Mama." Hakusema "hukujua." Alijifuta unga mdomoni kwa kiganja chenye chaki.

"Weka na tarehe zake," alisema.

Nakijwa akaziandika zote tatu, bila kuuliza.